Kisomo Alichokikataa Sheikh Mfaume

Nilikuwa mtoto wa kucheza kombolela, meno ya mbele yameng'oka, mji wetu ulipomuua mama yangu ukasema ni dua iliyomuua. Dua haina mikono. Mji una mikono, una miguu, una gari, na siku ile ulivikunja vyote ukatazama.

Mji wenyewe ni mdogo, uko pwani kati ya Kilwa na Lindi. Jina lake silitaji. Wengi waliokuwapo bado wako hai, na wajukuu wao hawana kosa.

Kwetu mtoto hakutishwa kwa simba wala kwa zimwi. Alitishwa kwa Badiri. "Usiguse cha mtu, utasomewa Badiri." Maana yake ni kisomo cha majina ya wale waliopigana vita vya Badri pamoja na Mtume. Watu wa kwetu waliamini kwamba mwenye kuibiwa akienda kusomewa majina yale, ubani ukifuka, mwizi hatoki salama: atapagawa, au atavimba tumbo, au watu wa nyumbani kwake watapukutika mmoja mmoja. Shangazi Fatu, dada wa marehemu baba yangu, alikuwa na hadithi ya mtu aliyeiba mbuzi akafa analia kama mbuzi. Alituigizia sauti ile. Sisi tulicheka, kisha tukashindwa kwenda chooni peke yetu. Niliwahi kuokota kifutio darasani, nikakirudisha mbio huku nalia, nahisi tumbo linaanza kujaa.

Na mwenye kukijua kisomo hicho kuliko wote, tuliamini, alikuwa Sheikh Mfaume.

Alikuwa ndiye mwanachuoni mkubwa wa upande wetu. Watu walitoka Nyangamara, walitoka Lindi mjini, wakaja kumuuliza mirathi na talaka. Masheikh wenzake, wenye majoho na magari, walikaa mbele yake wamekunja magoti kama sisi wanafunzi wa juzuu amma. Akipita sokoni, wauza samaki walisita kutukana mpaka apinde kona. Yeye mwenyewe sidhani kama alilijua hilo. Alikuwa mrefu, amepinda kidogo mgongo, anapenda muhogo wa kuchoma, na alicheka kwa sauti kubwa isiyolingana na heshima yake. Chuo chake cha Kurani kilikuwa barazani kwake, na mimi nilisoma hapo.

Mama yangu aliitwa Somoe. Alikuwa mtu wa Mitole, Mmatumbi wa shamba, na baba alipomuoa ndugu zake walinung'unika: kwani wanawake wa pwani wamekwisha? Baba alipofariki, mama hakurudi kwao. Alibaki na mimi katika chumba cha uani kwa Shangazi Fatu, akifanya vibarua. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, na wanawake wa mtaani waliigiza maneno yake wakiwa kisimani. Sheikh Mfaume alikuwa mtu mzima wa pekee niliyemsikia akimsalimia kwa Kimatumbi. Kimatumbi chenyewe kilikuwa cha kuungaunga. Mama alimrekebisha, naye akarudia neno kama mwanafunzi.

Msimu wa ufuta, mama alipepeta ufuta ghalani kwa Mzee Mbwana, tajiri wa mji. Walikuwa wanawake kadhaa. Mwaka ule alikuwa anarudi amechoka kuliko kawaida. Nililala naye kitanda kimoja, kwa hiyo najua ninachokisema: tumbo lake lilikuwa limeanza kuwa gumu tangu wakati wa kupalilia. Usiku aligeukia upande mmoja, akagugumia. Asubuhi alifunga kanga kwa kulegeza. Nilimuuliza, "Mama, una mtoto tumboni?" Akacheka, "Mtoto nitampata wapi, mwanangu? Ni gesi tu." Ufuta ulikuwa bado uko shambani, unachanua.

Kisha magunia ya ufuta yakapotea ghalani kwa Mzee Mbwana.

Alikuja chuoni baada ya alasiri, sisi tuko na mbao zetu mapajani. Alifuatana na wazee wawili wa msikitini. Sheikh akawakaribisha mkekani. Mzee Mbwana hakukaa.

"Sheikh, nimeibiwa. Nataka kisomo."

"Pole sana," akasema Sheikh. "Kisomo cha kuomba Mungu akurudishie mali yako nipo. Keti tusome sasa hivi."

"Sisemi hicho. Nasema Badiri."

Tukaacha kusoma. Hata wale wadogo wa alifu waliacha.

"Hicho simo," akasema Sheikh.

"Baba yako alisoma."

"Alisoma. Na mimi ndiye niliyekaa kitandani pake siku zake za mwisho, namsikia akimwomba msamaha mtu ambaye keshakufa." Sauti yake haikupanda. "Mzee Mbwana, wale ni watu waliotoa roho zao kwa ajili ya Mungu. Nani kanipa ruhusa ya kuwatuma kama mbwa wa kuwinda, wakamtafute mwizi wa ufuta?"

Mmoja wa wale wazee akaingilia. "Sheikh, kama mtu hakuiba, Badiri itamfanya nini? Itampita tu."

"Badiri itampita. Nyinyi hamtampita." Akawatazama mmoja mmoja. "Leo mkisoma, kesho mtu akishikwa na maradhi yake ya kawaida aliyoandikiwa na Mola wake, mtasema ni yeye. Mtamwacha afe. Sasa nani atakayewatoa hapo?"

Mzee Mbwana akasema Sheikh amezeeka, anaogopa kivuli chake. Akaondoka. Sheikh akatugeukia, "Mbona kimya? Nani kawaambia muache?" Tukaanza kupiga kelele za kusoma.

Hakuna mwaka unaopita bila mimi kuyakumbuka maneno yale. Hatukuhitaji mtabiri. Mtu alitwambia mchana kweupe, kwa Kiswahili chepesi, jambo litakalotokea, na mji mzima ukaenda kulitenda kama alivyolisema.

Alipatikana msomaji mwingine kutoka upande wa Mingoyo, mtu mwenye kilemba kikubwa. Mpiga mbiu akapita mitaani: mwenye ufuta aurudishe, Ijumaa Badiri inasomwa. Hakurudisha mtu. Ijumaa ikasomwa uani kwa Mzee Mbwana. Wanawake wote waliopepeta ufuta waliamriwa wapite mbele ya chetezo cha ubani, na mama akapita nao. Alikuwa amefunga kanga yake mpya. Moshi ulimkera, akakohoa, akajishika tumbo.

Kwa kitendo hicho kimoja, wakamhukumu. Sikiliza vizuri: mwanamke mgonjwa alikohoa moshi.

Wiki zilizofuata tumbo lilijitokeza wazi, likawa kubwa, miguu ikavimba, macho yakawa manjano. Aliacha kula. Watu walikuja, ndiyo. Walisimama mlangoni kumtazama, kama wanavyokwenda ufukweni kumtazama nyangumi aliyekwama. Hakuna aliyeleta uji. Wanawake wenzake wa ghalani ndio waliosema kwa sauti kubwa kuliko wote, nadhani kwa sababu walifurahi kwamba si wao.

"Wifi, sema tu ulipoupeleka," Shangazi Fatu alimwambia. "Ukikiri, kitabu kitakuachia."

"Sikuchukua kitu, wifi. Naumwa. Nipelekeni hospitali."

"Hospitali wataona nini? Hili si la sindano."

Nilikuwa nimeshika bakuli la maji. Na nitasema ukweli wa mtoto: kwa muda, hata mimi niliamini. Nilitafuta magunia chini ya kitanda cha mama yangu. Nilikuwa mtoto, nililelewa kwa hadithi ya mtu aliyelia kama mbuzi, na hilo ni mojawapo ya mambo ninayowadai watu wa mji ule: kwamba walinifanya niiname, nichungulie uvunguni, wakati mama anafumba macho asinione.

Sheikh Mfaume alikuwa safarini, ameitwa kusuluhisha mirathi mbali. Aliporudi, mkewe, Bi Mwajuma, akampa habari, naye hakuvua hata koti. Alikuja moja kwa moja kwetu, saa za adhuhuri, jua kali. Akapiga hodi uani, jambo ambalo hakuwa akilifanya, kuingia ua wa wanawake. Akamtazama mama, akamuuliza kwa Kimatumbi chake kibovu. Mama akajibu maneno mengi, machozi yakimtiririka masikioni. Lugha ile nilikuwa naielewa. Alisema, "Baba, wanasema mimi mwizi."

Sheikh akatoka nje. Gari lilikuwa moja mtaani, pikapu ya kubebea nazi, na mwenyewe alikuwa amekaa kivulini.

"Washa gari, tumpeleke mgonjwa Kilwa."

"Sheikh, nisamehe. Nikimpakia yule, gari langu litapata balaa."

Sheikh hakubishana. Alifungua mlango wa mbele, akakaa, akaweka mwavuli wake magotini. "Haya. Balaa na lianze na mimi."

Watu walikusanyika. Yule mwenye gari alizunguka, akaapa, akamwomba ashuke. Sheikh akabaki pale, kwenye joto la kile chuma, kanzu ikilowa jasho, mpaka mwenye gari akaona haya. Wakamlaza mama nyuma juu ya mkeka, kichwa chake mapajani mwa Bi Mwajuma. Mimi nilishika miguu yake. Shangazi Fatu hakuja.

Hospitali, daktari kijana alimpapasa tumbo, akamtazama machoni, akatuuliza, "Ini hili limeanza kuharibika muda mrefu. Mlikuwa mnangoja nini?"

Alimuuliza Sheikh, kwa kuwa ndiye mwanamume aliyekuwapo. Sheikh akainamisha kichwa kama kwamba kosa ni lake. Hakusema, "Si mimi, ni wao." Mpaka leo najiuliza ningelisema nini mimi katika nafasi yake, na najua ningepayuka.

Mama alifariki hospitalini hapo. Walimrudisha nyumbani kwa pikapu ile ile. Wachimba kaburi wa mji wakasema wanaumwa migongo, wote kwa pamoja. Kaburi lilichimbwa na mtoto wa Sheikh, akisaidiwa na Mzee Damiani, fundi uashi, Mmakonde Mkristo aliyekuwa jirani yetu. Bi Mwajuma ndiye aliyemwosha. Sala ya jeneza ilisaliwa na safu moja isiyojaa. Sheikh Mfaume, ambaye kwa kawaida akisimama kusalisha watu hujazana mpaka barabarani, alisalisha safu moja.

Baada ya arobaini nilikwenda kwake. Nilichukua ubani kwenye kibweta cha mama, nikaufunga pembeni mwa kanga. Nilimkuta barazani peke yake, chuo hakijaanza.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba, Mwanahawa. Mbona mapema?"

Nikafungua fundo, nikamwekea ubani mbele yake. "Nataka umsomee Mzee Mbwana Badiri. Na shangazi. Na wote."

Hakucheka. Alinitazama mpaka nikaanza kulia. Akasema, "Mama yako alikuwa mwizi?"

"Hapana!"

"Unajua kwa hakika?"

"Najua!"

"Na mimi najua. Sasa nikikusomea wewe, nitakuwa nimesema kwamba kisomo kile ni cha haki, ila kilikosea mtu tu. Nitakuwa nimewapa ushahidi wao."

Sikuelewa hata neno. Nilielewa tu kwamba ananinyima. Nikamwambia yeye mwoga, kama alivyosema Mzee Mbwana. Ndiyo, nilimwambia mwanachuoni mkubwa wa Kusini kwamba yeye mwoga. Akaniambia, "Kaa hapa ulie mpaka uchoke. Hakuna atakayekufukuza." Nikakaa. Wanafunzi wakaja, wakafundishwa, wakaondoka, mimi nimo humo humo pembeni nalia. Sikumsamehe. Bibi yangu wa Mitole alipokuja kunichukua, niliondoka bila kumuaga.

Kabla bibi hajaja kunichukua lilitokea jambo moja zaidi. Mkwe wa Mzee Mbwana alikamatwa kwa wizi mwingine, na huko akasema yote: ufuta wa baba mkwe aliuuza yeye, ulitoka ghalani kwa ufunguo. Mzee Mbwana akayamaliza kimyakimya. Familia ni familia. Hakuna aliyekuja kwetu hata kusema pole.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa upande wa wanawake pamoja na Bi Mwajuma. Sheikh alipanda mimbari. Hotuba yake haikuwa ndefu. Alisema kwamba mwanamke aitwaye Somoe binti Saidi alikufa akiwa safi, kwamba aliyeiba anajulikana, na aliyemficha pia anajulikana, na kwamba waliokataa kumbeba, kumlisha na kumzika wana deni ambalo yeye, pamoja na elimu yote wanayomsifia, hajui namna ya kuwafutia. "Mkanifuata mimi kwa udhu na kwa mirathi," alisema, "mkaniacha kwenye roho ya mtu. Basi mlikuwa hamnifuati."

Kulikuwa na minong'ono. Mtu mmoja akatoka, wengine wakamfuata. Bi Mwajuma alinishika mkono akanibana mpaka ukauma.

Hawakumtukana. Watu wa pwani tuna adabu. Waliendelea kumpa mkono na kumwita Sheikh. Ila watoto walihamishiwa chuo kingine, darasa lake la alasiri likabaki na wazee wawili watatu, ndoa zikafungishwa na wengine, na Mzee Mbwana akajenga msikiti mpya mtaa wa pili wenye feni na zulia. Ikasemwa kwamba Sheikh Mfaume ana vitabu lakini hana siri, dua zake hazina nguvu. Bi Mwajuma alinieleza haya baadaye, nilipokwisha kuwa mtu mzima nimeanza maisha yangu Lindi na kwenda kumtembelea. Sheikh alikuwa ameshakufa. Alimalizia umri wake akilima muhogo. Nilichelewa, na hilo ni langu.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nikae niyaandike haya.

Siku hizi Sheikh Mfaume ana hauli. Kila mwaka watu wanakuja kumkumbuka, mabasi yanatoka mpaka Dar es Salaam, kaburi limejengwa vigae, wajukuu wa Mzee Mbwana ndio wanaochinja ng'ombe. Nilikwenda kwa mara ya kwanza juzijuzi. Nilivaa buibui langu nikakaa na wanawake chini ya turubai, na kwa kitambo nilifurahi, nikasema afadhali, wamejua thamani yake. Kisha ustadhi mmoja kijana, mwenye sauti nzuri, akashika kipaza sauti kueleza karama za Sheikh.

"Alikuwa mtu wa siri kubwa! Wazee wanasimulia, tajiri mmoja wa mji huu aliibiwa. Akamwendea Sheikh. Sheikh akasoma Badiri, na haikupita muda, mwizi, mwanamke mmoja wa kuja, akavimba tumbo mbele ya watu, akafa! Takbiri!"

"Allahu Akbar!" turubai zima likajibu. Wengine walikuwa wamenyanyua simu wanarekodi.

Mwanamke aliyekaa karibu yangu akaniambia, "Mashallah, masheikh wa zamani bwana!" Nikamtazama. Nikainuka pale nilipokaa.

Nilimngoja yule ustadhi mpaka aliposhuka kwenda kunawa mikono. Nikasimama mbele yake.

"Ustadhi, habari ile umeitoa wapi?"

"Ipi, mama?"

"Ya mwanamke aliyevimba tumbo."

"Ah, hiyo ni mashuhuri mama. Tumeikuta kwa wazee."

"Huyo mwanamke aliitwa Somoe binti Saidi. Alikuwa mama yangu. Sheikh Mfaume hakumsomea. Alikataa kumsomea mtu yeyote, na mimi nilikuwapo chuoni alipokataa. Alimpeleka mama yangu hospitali, akamzika, akamtetea juu ya mimbari, na kwa sababu hiyo mji huu ukamtupa mpaka akafa analima muhogo."

Maji yalikuwa yanamchuruzika kiganjani. Hakuwa mtu mbaya. Niliona uso wake ukibadilika, niliona ameniamini. Akaitazama ile meza ya mbele walikokaa wajukuu wa Mzee Mbwana, sinia za pilau zinapita.

"Sikujua, mama. Wallahi sikujua."

"Sasa unajua. Rudi ushike kipaza sauti useme."

"Leo?" Akashusha sauti. "Mama, hawa ndio wenye shughuli. Nipe muda. Mwakani inshallah tutaangalia namna ya kulisema vizuri."

"Sheikh unayemsifu hakungoja mwakani."

Aliitwa kula, akaenda. Nami nikatoka, nikapita kaburini kwake, lakini palikuwa na watu wanapigana picha, nikashindwa hata kusoma Fatiha kwa utulivu. Niliisoma ndani ya basi.

Nilipokuwa kijana nilidhani hasira hii itakwisha nikikua. Haikwisha. Ila imebadilika mahali pa kukaa. Zamani niliwakasirikia kwa kumuua mama yangu, nikamkasirikia na Sheikh kwa kuninyima kisasi. Sasa namwelewa. Angenikubalia siku ile, na Mzee Mbwana akafa kwa shinikizo la damu baadaye kama alivyokufa, mimi leo ningekuwa chini ya lile turubai, naitikia takbiri pamoja nao, nikijua kwa yakini kwamba mama mmoja na tajiri mmoja waliuawa kwa majina matakatifu. Alinikatalia ili nisiwe mmoja wao.

Mtu mkubwa akifa, mji humshonea kanzu mpya kwa kipimo cha mji. Mji wetu ulitaka sheikh wa kuogopwa, kwa hiyo umempata. Yule wa kweli hakuwa na uwezo wa kumuua mtu kwa kusoma. Alikuwa na uwezo wa kusema hapana mbele ya tajiri, na kuisema tena mbele ya mtoto anayelia. Hiyo karama haitasimuliwa kwenye kipaza sauti, kwa sababu siku itakayosimuliwa, kila mzee aliyekaa pale mbele italazimu aulizwe na wajukuu zake: na wewe, babu, siku ile ulikuwa wapi?